Weupe Kinywani mwa Mtoto

Masisi ni nchi ya malisho na ng'ombe. Basi mama aonapo weupe juu ya ulimi wa mwanawe, mara husema, "Ni maziwa tu." Pengine asema kweli. Lakini weupe wa kinywani una vyanzo vingi, na yatupasa kuvipambanua, kwa maana kimoja huua.

Kwanza, tupanguse taratibu kwa kitambaa safi chenye maji. Maziwa hutoka upesi. Weupe ukishikamana, na chini yake pakawa pekundu, huenda ni kuvu iitwayo kandida. Kuvu hiyo hukaa vinywani mwa watu wengi bila kuwadhuru. Huzidi kwa mtoto mchanga, kwa mwenye utapiamlo, na kwa aliyetumia antibiotiki. Tusiukwangue kwa ukucha wala kwa majani, maana kidonda ni mlango wa maradhi mengine. Muuguzi hutoa dawa ya matone, nistatini. Na chuchu za mama zikiuma, naye atibiwe pamoja na mtoto.

Pili, tutazame ndani ya mashavu, mkabala wa magego. Tukiona vidoa vyeupe kama punje za chumvi juu ya wekundu, na mtoto ana homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, tujue kwamba surua imeingia nyumbani. Daktari Henry Koplik wa New York alivieleza vidoa hivyo mwaka 1896. Hutokea siku moja au mbili kabla ya vipele, na wakati huo mtoto amekwisha kuanza kuambukiza wenzake. Walakini si kila mgonjwa huwa navyo. Dalili nyingine zatosha kutuamsha.

Surua iliyoenea Kongo mwaka 2019 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000 kufikia Januari 2020, wengi wao watoto wadogo. Masisi na Walikale, ambako vita vimezihamisha familia nyingi na kuzisonga pamoja, ugonjwa huo hupata njia nyepesi. Mgonjwa atengwe na wenzake, apewe vitamini A na muuguzi, aendelee kunyonya na kunywa. Kinga yake ni chanjo, mtoto atimizapo miezi 9.

Nao watu wazima wasijisahau. Kandida imrudiayo mtu mzima yaweza kuwa dalili ya ukimwi: apimwe bila haya, maana dawa za kuudhibiti zipo. Mtumiaji wa tumbaku mwenye baka jeupe lisilopanguka amwone daktari, kwani baadhi ya mabaka hayo hugeuka saratani.

Wazazi, twajua ya kuwa kwa wengi wa Walikale kituo cha afya ki mbali, ng'ambo ya misitu na matope. Ndiyo sababu twawasihi: safari ianze siku ile vidoa vionekanapo. Tusingoje vipele.