Gambiti ya Englund ni mtego wa wavivu

Wasee wa Kisumu, kwenye chesi hii gambiti ya Englund inawadanganya. Wa nyeupe anafungua d4, wewe unajibu e5, unampa askari bure. Halafu unangoja akosee tu. Malkia wako akishakula b2, mwenzako akiweka askofu c3, anakufa hatua ya nane. Tamu, najua! Lakini akiweka farasi c3 je? Mtego umeisha. Malkia wako anakimbizwa kama kuku wa Kibuye, wenzake wengi bado wamelala.

Mimi niliacha chuo hivyo hivyo: nilitoa, sikuwa na hatua ya pili. Kutoa si kosa, buda. Kosa ni kutegemea ujinga wa mwenzako. Ukitoa askari, jua unanunua nini.