Tufundishe Amri Kamili Kabla ya Kifupisho

Mtoto wa shule ya msingi anayejifunza kuandika barua huelezwa kwanza maana ya Sanduku la Posta, ndipo huruhusiwa kuandika S.L.P. Kanuni hii twaijua sote. Lakini tunapofundisha amri za kompyuta twaisahau.

Bash, programu ipokeayo amri katika kompyuta nyingi zenye Linux, humruhusu mtumiaji kuunda kifupisho kwa neno alias. Kifupisho kilichoandikwa hivi hivi hufa dirisha linapofungwa. Kikiandikwa katika faili la .bashrc hudumu, kwa kuwa faili hilo husomwa kila dirisha jipya linapofunguliwa. Hapo ndipo wepesi na hatari huanza pamoja.

Hapa Mkuyuni tuliwahi kuweka katika kompyuta zetu alias rm='rm -i', ili mwanachuo aulizwe kabla ya kufuta faili. Tulidhani tunamlinda, kumbe tulimzoesha kulitegemea swali. Mmoja wao, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, aliandika rm kwenye kompyuta ya shule isiyokuwa na kifupisho hicho. Hakuulizwa lolote. Alama za mtihani wa darasa zima zikapotea, maana amri hiyo haiweki kitu kapuni. Watoto wakarudia mtihani kwa kosa letu. Mazoea yana taabu.

Wapo wasemao kwamba vifupisho vipigwe marufuku. Hatukubaliani nao, kwani huokoa muda na hupunguza makosa ya kuandika. Maoni yetu ni haya. Kwanza, mwanachuo aizoee amri kamili kabla ya kuifupisha. Pili, kifupisho kisivae jina la amri yenyewe. Tukiandika alias futa='rm -i', kompyuta ngeni haitalitambua neno futa; itakataa, wala hakitapotea kitu. Tatu, juu ya kila kifupisho faili liwe na mstari wa maelezo unaoanza kwa alama ya #. Nne, afikapo kwenye kompyuta asiyoizoea, aandike alias peke yake, aone vifupisho vilivyomo.

Ndugu wanachuo, kesho mtakabidhiwa kompyuta ambazo hamkuzitayarisha ninyi, na watoto watakaoiga kila mtakalofanya. Vifupisho vyenu vitabaki chuoni. Mtakachokwenda nacho ni kile mnachokielewa. Hatuna budi kuwapa hicho kwanza.