Asubuhi ya Maji Mafu

Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mtu aliyelelewa kando ya kijito hudhani amekwisha kujua habari za maji yote, mpaka siku atakapoketi ndani ya mtumbwi na kuona pwani inarudi nyuma. Habari hii ni ya marafiki wawili, mmoja mtu wa mto na mwingine mtu wa bahari, na ya asubuhi moja ambayo kila mmoja alipata la kujifunza kwa mwenziwe.

Wa kwanza alikuwa karani, mzaliwa wa Nyeri, aliyeletwa Mombasa kwa ajili ya kazi, akapanga chumba katika mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, mwendo mfupi tu kutoka Ngome ya Yesu. Wa pili alikuwa fundi seremala, mwenyeji wa mtaa huo huo, ambaye siku asizokuwa na kazi huenda kuvua katika mkono wa bahari wa Tudor. Urafiki wao ulianzia barazani, pale watu wa Kibokoni waketipo jioni kunywa kahawa chungu na kupeana habari. Kwa muda wa miaka minne fundi alimwalika karani baharini, na kwa muda huo huo karani alitoa udhuru: leo mafua, kesho barua za ofisini. Kweli ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba alikuwa akiogopa maji. Hata ilipofika barua ya uhamisho ya kumrudisha bara, alimwendea fundi akamwambia, "Fundi, nikiondoka hapa bila ya kuingia baharini, watoto wangu watanicheka. Nichukue."

Fundi hakujibu mara moja. Alihesabu siku za mwezi kwa vidole, kisha akasema, "Si kesho, Bwana Karani. Ngoja Jumamosi."

Msomaji wa bara asidhani kuwa hayo ni mambo ya uganga. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, ndiyo siku za bamvua. Siku hizo maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo huwa mkali hata chubwi haitulii chini. Lakini mwezi ukiwa nusu, kiasi cha siku ya nane au ya tisa, huwa ni maji mafu; hupanda na kushuka kama mita 1 tu, na mkondo hupoa. Kadhalika Jumamosi hiyo maji yangeanza kujaa kabla ya mapambazuko na kufika ukomo wake yapata saa nne, kisha yangepwa. Yaani bahari yenyewe ingewachukua kwenda na kuwarudisha nyumbani. Mvuvi asiyejua hushindana na maji mpaka mabega yakafa ganzi, na ajuaye huyangoja yakambeba.

Jumamosi ilipofika, fundi alisali alfajiri, kisha wakateremka wote wawili mpaka Bandari ya Kale. Upepo wa kaskazi ulikuwa umelegea, maana musimu wake ulielekea kwisha, na umande ulikuwa ukivuma polepole kutoka nchi kavu. Mtumbwi wa fundi ulichongwa kwa gogo la mwembe. Ndani yake mlikuwa na mishipi miwili iliyozungushwa juu ya vibao, ndoana, chubwi, kamba wa chambo, kopo la kufulia maji ngamani, mahamri na chupa ya chai ya moto. Karani aliingia, akaushika ubavu wa huku na wa huku kwa mikono miwili.

"Bwana Karani," akasema fundi, "mtumbwi si punda wa kushikwa shingo. Keti katikati, uuache uyumbe."

Karani akaketi katikati. Fundi akapiga kafi, maji yakawasukuma, na baada ya muda wakapita chini ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kushika mahali pa daraja la zamani lililokuwa likielea juu ya maji tangu mwaka 1931. Mbele yao mikoko ilisimama kwa mizizi yake kama watu waliokunja nguo ili kuvuka tope. Makelele ya mji yakabaki nyuma. Karani akaona kuwa amekwisha kuachilia mkono mmoja bila ya kujijua.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuinua lema ambalo fundi alilitega siku iliyotangulia. Lema ni mtego uliosukwa mfano wa tenga kubwa, wenye mlango ambao samaki huuona vema wakati wa kuingia wala hauoni wakati wa kutoka. Lilipopanda lilikuwa na tafi watano wazima, na pamoja nao wadogo wanane, wengine hawakuzidi kidole. Fundi aliwatupa wakubwa ndani ya kikapu, akaanza kuwarudisha wadogo baharini. Karani, kwa moyo wa kusaidia, akamshika mdogo mmoja kwa mkono mtupu. Papo hapo akapiga ukelele uliowarusha ndege mikokoni.

Tafi ana miba mgongoni na tumboni, na miba hiyo ina sumu. Haiui, lakini maumivu yake humfanya mtu mzima asahau cheo chake. Fundi hakucheka, angalau si kwa sauti. Alimimina chai katika kikombe, akaijaribu kwanza kwa kidole chake ili isimwunguze mwenziwe, kisha akamwambia atie kidole kilichochomwa na akiache humo, kwa sababu joto huvunja nguvu ya sumu ile. Na ndivyo ilivyokuwa. Maumivu yakapungua kidogo kidogo.

"Samaki wetu hawana miba ya hila namna hii," akasema karani, kidole chake kingali ndani ya chai.

"Samaki gani?"

Hapo karani akaeleza habari za trauti, samaki wa maji ya baridi wa milima ya Aberdare na ya Kenya. Akasema kuwa samaki huyo si mwenyeji wa nchi hii, bali mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura. Tena huko Kiganjo, karibu na Nyeri, pana mabwawa ya Serikali ambamo trauti huzalishwa na kulelewa, ili wengine wapelekwe mitoni. Mvuvi hutumia ufito na kamba nyembamba, naye hulazimika kuwa na ruhusa. Akipata samaki asiyefikia kipimo, sheria humtaka amrudishe mtoni. Alipokuwa mtoto, karani alipata kumwona askari wa samaki akipima trauti kwa rula, na mvuvi akisimama kando kama mwanafunzi aliyekosa hesabu.

Fundi akastaajabu sana. "Samaki hupandwa kama maharagwe? Basi wakiisha hupandwa wengine?"

"Hupandwa."

Fundi akanyamaza kitambo, akiutazama mkoko. Kisha akamwinua tafi wa mwisho kwa jani, akamtia majini taratibu. "Huku kwetu hakuna apandaye. Mbegu ndiyo hii."

Neno hilo lilimwingia karani kuliko mwiba. Kwao hapana mkulima asiyejua aibu ya mtu aliyekula mahindi yake ya mbegu mwezi wa njaa, akakaa akiitazama mvua ikinyesha juu ya shamba tupu. Na jambo hili ni kweli kwa samaki wengi wa pwani. Wengi miongoni mwa akina changu huupitisha utoto wao katika majani ya bahari na mizizi ya mikoko, mahali penye maji machache na maficho mengi, na wakisha kukua huelekea kwenye miamba. Basi mikono ya bahari kama Tudor ni kitalu cha miche, na atakayeking'oa kitalu asilaumu mvua.

Baada ya hayo walitia nanga, wakatupa mishipi. Karani alipewa onyo moja: samaki akivuta, mpe, akichoka, mchukue. Lakini alipohisi mvuto wa kwanza alisahau, akavuta kwa nguvu zote kama mtu avutaye ng'ombe shimoni. Mshipi ukamkata kiganja, ukakatika, na karani akaanguka chali ndani ya mtumbwi. Fundi alisema kwa upole kuwa pengine alikuwa kolekole, naye amekwenda zake na ndoana.

Saa zikapita. Fundi akapata changu wawili wa kadiri nzuri na chaa mmoja. Karani hakupata kitu. Jua likapanda, maji yakakaribia kusimama. Jambo lililomkera karani ni kwamba jana yake aliwatangazia watu wote wa barazani kuwa kitoweo cha karamu ya kuagana atakileta yeye kwa mkono wake. Kurudi mikono mitupu, baada ya miaka minne ya udhuru, ilikuwa fedheha.

Ndipo mshipi ukagusa. Safari hii alimpa, akamchukua, akampa tena, akamchukua, hata samaki akatokea juu akimetameta. Alikuwa changu. Alikuwa mzuri sana, naye alikuwa mdogo, hakufika urefu wa kiganja.

Karani akamshika na kumtazama. Ndiye samaki wake wa kwanza wa baharini, na huenda wa mwisho. Fundi alikuwa ameinama akifua maji ngamani, na tena aliyafua kwa bidii kubwa kuliko maji yalivyokuwa.

"Fundi, huyu vipi?"

"Sina rula," akajibu fundi bila ya kuinua uso. "Na askari wa samaki hayupo. Tupo mimi na wewe."

Hakuna aliyeona isipokuwa mikoko. Karani akaitoa ndoana kwa uangalifu, akaushusha mkono wake majini, mkono ule ule ulioogopa maji kwa miaka minne, akaufumbua. Changu alitulia kidogo, kisha akapotea.

Maji yalipoanza kupwa walipandisha nanga. Njiani waliwakuta vijana watano wakivuta juya penye majani ya bahari. Juya ni wavu mrefu ukokotwao mpaka pwani, na Serikali ya Kenya iliupiga marufuku mwaka 2001, kwa kuwa hung'oa majani na kukusanya wazima na watoto pamoja. Juu ya mchanga palikuwa na chungu ya samaki wadogo wadogo, wa kuuzwa kwa mafungu. Mmoja wa wale vijana alikuwa mtoto wa jirani ya fundi. Alipoonana naye uso kwa uso aliona haya, lakini hakukimbia. Akasema, "Ami, tule nini?"

Karani alitazamia kusikia makaripio. Fundi hakukaripia. Alijua kuwa kijana yule hana chombo cha kumvusha miamba, wala fedha za kununua mishipi, na kwamba nyumbani kwao sufuria hungoja leo, haingoji mwakani. Sheria inaweza kumwondoa mtu pwani, lakini haiwezi kumpa kitoweo. Akajibu tu, "Maji mafu yajayo, baada ya wiki mbili, njoo kwangu alfajiri. Nina mshipi wa pili, na mwenyewe anahama." Kijana akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kuvuta, maana wenziwe walikuwa wakimngoja.

Barazani jioni ile karani aliulizwa mbele ya watu, "Yuko wapi samaki wako?" Akawaonyesha kidole kilichovimba na kiganja kilichokatwa, akasema, "Nimemwacha akue." Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha wakala tafi na changu za fundi, na karamu ikawa njema.

Karani sasa yupo kwao, karibu na mito ya trauti. Fundi humpelekea salamu kila apatapo msafiri. Katika salamu za mwisho alisema kuwa yule kijana amekwenda naye mara sita, na mshipi anaujua vema. Bali ziko siku ambazo njaa humrudisha kwenye juya, naye fundi akimkuta huko humsalimu na kumkumbusha siku ya maji mafu yajayo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na kumkunja huko si kazi ya siku moja.

Penye askari na rula, kila mtu ni mwema. Bahari haina rula. Atakayeipima ni yule aliye ndani ya mtumbwi, peke yake na samaki mdogo kiganjani, na wageni wakimngoja nyumbani.