Staa, Acha Kuwadanganya Madogo: Kuweka Mzigo Wote Mapema Sio Uanaume

Wadau, leo naongea na staa mmoja. Jina silitaji, ila mnaomfuatilia mshamjua: miwani ya giza, meza ya kijani, chipu zimepangwa kama matofali. Na wimbo wake ni uleule: mwanaume haogopi, ukishapewa karata zako mbili weka mzigo wote, wenzako watakimbia.

Basi klipu zake zimefika mpaka Mgololo. Ndiyo, Mgololo ya Mufindi, kwenye kiwanda cha karatasi na stesheni ya TAZARA, kwenye ile baridi yetu. Kuna dogo wangu kule alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu. Akaingia poka ya kwenye simu, akapata ree na tatu, akaona ree tu, akamwaga hesabu ya bosi ya wiki nzima. Mwenzake alikuwa na ree na K. Kwisha habari. Pikipiki ikarudi kwa mwenyewe.

Sasa tupige hesabu ambazo staa hazisemi. Karata ziko 52. Kupata ree mbili mkononi ni mara 1 kati ya 221. Jozi yoyote ile, mara 1 kati ya 17. Maana yake mara nyingi umeshika takataka, na kuitupa mapema ndiyo uamuzi wa bei rahisi kuliko yote usiku huo. Kama bado hujaweka dau la lazima, unatoka bila kulipa hata mia.

Pili, unakaa wapi? Ukiwa wa kwanza kusema, watu wote nyuma yako hujui wameshika nini, kwa hiyo unahitaji karata nzito. Ukiwa wa mwisho ushaona nani kaogopa na nani kapandisha, hapo unaweza kulegeza kidogo. Karata zilezile, kiti tofauti, uamuzi tofauti. Staa kalisema hilo lini?

Tatu, hata ree mbili hazina uchawi. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 kwa 100. Wakibaki wanne mpaka mwisho, zinashuka mpaka kama 56. Ndiyo maana wajuzi hupandisha dau mapema wakiwa na karata nzuri: wanapunguza watu mezani. Wao wana sababu, hawatafuti sifa.

Najua mtasema nina wivu. Sawa. Ila staa akipoteza, kesho ana shoo na tangazo. Dogo wa Mgololo akipoteza, kesho anatembea kwa miguu. Na hata ukicheza kwa akili zote, mwenye meza anakata chake kwenye kila chungu. Sheria inasema kamari ni kuanzia miaka 18, lakini klipu za staa haziulizi mtu umri.

Kwa hiyo staa, ukitaka kufundisha poka, fundisha na kutupa karata. Na wewe dogo, dau la kwanza linaamuliwa kabla hujagawiwa hata karata moja: hii hela ni ya nani? Kama ni ya bosi, ya kodi au ya ada ya mdogo wako, ushapoteza tayari.

Haya, timu staa njooni kwenye komenti. Ila mje na hesabu, matusi hapana.