Mchezo Ulio na Mwenyewe

Mnamo Oktoba 2021, vijana watano wa Team Spirit walitwaa ubingwa wa mchezo wa Dota 2 mjini Bucharest, Rumania, katika uwanja uliokosa mashabiki kwa sababu ya korona, wakatia kibindoni zaidi ya dola milioni 18. Kitita kizima cha mashindano hayo, yaitwayo The International, kilizidi dola milioni 40. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi anayekemewa kwa kushinda mbele ya tarakilishi humuuliza mwalimu wake kosa liko wapi. Swali hilo lastahili jibu la haki. Mabingwa wa michezo ya aina hii wana makocha, hufanya mazoezi saa nyingi kila siku, na katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023 walivishwa nishani. Anayedai kuwa huu si ushindani wa kweli hajautazama.

Lakini fedha zile zilitoka wapi? Mashindano yalipoanza mjini Cologne mwaka 2011, Valve, kampuni ya Marekani inayoumiliki mchezo huo, ilitoa dola milioni 1.6. Kuanzia 2013, wachezaji wa kawaida kote duniani waliuziwa pasi yenye mapambo ya mchezo, na robo ya mauzo ikatiwa katika kitita. Robo tatu, bila shaka, zilibaki kwa mwenye duka. Kisha mwaka 2023 kampuni ikaamua kuachana na biashara hiyo kubwa ya pasi, na kitita kikaporomoka hadi takriban dola milioni 3. Ustadi wa wachezaji haukuwa umepungua hata chembe.

Kandanda haina mwenyewe. FIFA ikivunjika kesho (na wapo watakaoshangilia), watoto wataendelea kuupiga mpira wa matambara jioni. Mchezo wa video, kinyume chake, ni mali ya mtu. Desemba 2018, kampuni ya Blizzard ilitangaza kwamba ligi ya Heroes of the Storm haitarudi mwaka uliofuata, na waliokuwa wakipata riziki humo wakabaki mikono mitupu. Wangekata rufani kwa nani, ilhali mwenye ligi ndiye mwenye mchezo? Huko Korea Kusini nako, televisheni zilizoukuza mchezo wa StarCraft kwa takriban muongo mzima zilijikuta zikivutana na kampuni hiyo hiyo juu ya haki ya kuonyesha mechi.

Sasa ameingia tajiri mwingine. Hazina ya uwekezaji ya serikali ya Saudia ndiyo inayosimama nyuma ya Kombe la Dunia la michezo hii lililoanza Riyadh mwaka 2024 kwa zawadi zilizopita dola milioni 60. Septemba 2025 hazina hiyo, pamoja na washirika wake, ilitangaza mpango wa kuinunua kampuni ya Electronic Arts kwa dola bilioni 55. Mwenye uwanja anataka kuumiliki na mpira.

Wachezaji wa Counter-Strike walikwisha kuiona hatari hii, wakaunda chama chao mwaka 2018. Mwanafunzi anayeletewa mkataba na timu yoyote, na mwalimu atakayeombwa kuusoma, watafute humo mambo mawili kabla ya kutazama mshahara: ligi ikifungwa ghafla nani atamlipa, na je, anaruhusiwa kujiunga na chama?