Gemu ya 2005 Haihitaji Kompyuta ya Leo

Kijana wa Morogoro akisema anatafuta kompyuta ya kuchezea gemu, ushauri anaopewa ni ule ule: jichange ununue mashine mpya ya nguvu, la sivyo baki na simu yako. Ataambiwa hivyo dukani, na ataambiwa hivyo na wenzake wa bweni, awe SUA au Mzumbe. Mfuko ukigoma, ushauri wa pili uko tayari: chukua laptopu mpya ya bei nafuu, maana kipya kinyemi ingawa kidonda, na kompyuta za ofisini zilizotumika ni takataka za Ulaya. Nazipinga kauli zote mbili. Kwa mtu anayetaka kucheza San Andreas, PES 2013 au Age of Empires, ya kwanza inamlia hela bure, na ya pili inampa mashine dhaifu kuliko ile aliyoambiwa aikimbie.

Cha kuulizwa kwanza ni gemu yenyewe. GTA: San Andreas ilitoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2004, ikafika kwenye kompyuta mwaka 2005. Watengenezaji wake walisema kima cha chini ni prosesa ya Pentium III ya gigahezi 1, RAM ya megabaiti 256 na kadi ya picha ya megabaiti 64. Age of Empires II ya mwaka 1999 iliridhika na RAM ya megabaiti 32. PES 2013 iliomba gigabaiti 1. Kompyuta ya kawaida ya karani iliyotengenezwa mwaka 2012 inavipita vipimo vyote hivi kwa mbali. Kununua mashine mpya ya mamilioni kwa ajili ya gemu hizi ni kukodi Fuso zima ili kushusha tenga moja la nyanya kutoka Mgeta.

Tena nguvu ikizidi, gemu ya zamani inaweza kuharibika. San Andreas ilisukwa iende kwa picha kama 25 hadi 30 kwa sekunde, na kwenye mipangilio yake kuna kidhibiti cha kuizuia isivuke hapo. Kizime kwenye mashine kali uone: CJ, mhusika mkuu wa gemu, akiingia majini anajikokota kana kwamba amefungwa mawe, kwa sababu hesabu za mwendo ndani ya mchezo zimefungamana na idadi ya picha. Mfumo mpya nao una matata yake. Toleo la 24H2 la Windows 11 lilipotoka mwaka 2024, ndege ya majini iitwayo Skimmer ilitoweka ndani ya San Andreas. Kosa lilikuwemo kwenye gemu tangu mwanzo; matoleo yote ya nyuma ya Windows yalikuwa yakilifunika kwa bahati tu. Wapenzi wa gemu hiyo walitengeneza kiraka cha kulirekebisha, lakini mwenye Windows 10 hakuwa na haja nacho.

Sasa hiyo laptopu mpya ya bei nafuu. Soma maandishi madogo ubavuni mwa boksi, maana ndiyo yenye habari. Mara nyingi utakuta prosesa ya aina ya Celeron N4020: viini viwili, chipu iliyobuniwa kula wati 6 tu ili betri idumu. RAM ni gigabaiti 4, na kwenye nyingi imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuongeza hata ukipewa bure. Hifadhi ni gigabaiti 64, na Windows peke yake inachukua sehemu kubwa. Iweke kando ya Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye Core i5-3470: viini vinne, gigahezi 3.2, nafasi nne za RAM, na tundu la kuchomeka kadi ya picha siku ukiipata. Ya pili imekwaruzika na ni nzito, ila kwa kazi hii ndiyo kompyuta.

Stika ya i7 nayo inawapoteza watu wengi. Bila namba inayofuata haikuambii chochote. Core i7-4600U ya laptopu ina viini viwili. Ile i5 ya mezani niliyoitaja ina vinne na haibanwi na betri. Muulize muuzaji namba kamili, na akisita kuitaja, washa mashine uisome mwenyewe.

Kabla hujanunua chochote cha kuongeza, fungua kasha. OptiPlex ya namna hii inafunguka kwa kuvuta kitasa, huhitaji bisibisi. Kwa mashine iliyokaa Kihonda au Mji Mpya misimu kadhaa ya kiangazi, utakuta vumbi limeganda kwenye mapezi ya kipoza joto mpaka feni inazungusha hewa isiyokwenda popote. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue, na Morogoro ya Desemba haiihurumii. Lipulizie vumbi litoke, futa pesti iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya. Mashine nyingi zinazoitwa mbovu hupona hapo. Na ikiwaka kila siku na tarehe ya miaka ya nyuma huku ikikutaka ubonyeze F1, kilichokufa ni betri ndogo ya CR2032, ile ya mviringo kama sarafu. Fundi asikuuzie bodi nzima kwa ajili hiyo.

Baada ya usafi ndipo fedha zitumike, na zitumike penye udhaifu. Kompyuta isiyo na kadi yake ya picha huazima RAM kwa kazi hiyo, kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 4 vinaipa njia mbili za kupitisha data, na gemu inakwenda vizuri kuliko kwa kipande kimoja cha 8. Wauzaji wengi hawakuambii hili. SSD inaifanya kompyuta iwake upesi na gemu ifunguke upesi, lakini haiongezi picha hata moja ukiwa katikati ya mechi. Inunue ukijua unanunua nini. Kadi ya picha itakulazimu ukitamani GTA IV ya mwaka 2008, ambayo ni nzito kuliko umri wake. GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 inatosha kuanzia: inakula wati 30, haidai waya wa ziada wa umeme, na ziko fupi zinazoingia kwenye kasha jembamba. Chagua yenye kumbukumbu ya GDDR5, maana ile ya DDR4 ina jina lile lile na uwezo mdogo zaidi.

Wanaopinga mashine iliyotumika wana hoja zao, na nyingine ni za kweli. Haina waranti ya maana. Prosesa kama ile i5-3470 haikubaliki rasmi kwa Windows 11, na Windows 10 iliacha kupokea matengenezo ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025. Kwa hiyo icheze gemu, lakini mambo ya benki yafanyie kwingine. Hoja ya umeme ni nyepesi: mashine inayovuta wati 100 ikichezwa saa kumi inamaliza uniti moja ya LUKU. Kinachoiua ni umeme unaopanda na kushuka, na radi za masika zinazoteremka kutoka Uluguru. Stabilaiza ije kabla ya kadi ya picha, na wingu likitanda chomoa plagi.

Nakubali kabisa kwamba mtu anayeishi juu mlimani kwa umeme wa sola hapaswi kununua kompyuta ya mezani. Huyo atafute laptopu iliyotumika iliyotengenezewa kazi za ofisi, kama ThinkPad T430, ambayo RAM yake inaongezeka na betri inabadilishika. Hata yeye hana sababu ya kununua Celeron mpya.

Ukiamua kwenda Kariakoo, treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 inakuwezesha kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Weka gemu yako kwenye flashi. Mwambie muuzaji aichomeke na uicheze nusu saa mbele yake, huku mkono wako ukiwa juu ya kasha kusikiliza joto na feni. Akikataa, usilipe, nenda duka linalofuata.