Kona ya chali: Peirsol alirudishiwa dhahabu, mtoto wa Tabora je?

Wadau, kwanza tuwekane sawa kuhusu kuogelea kwa mtindo wa chali. Zamani ulitakiwa uguse ukuta kwa mkono ukiwa bado chali, ndipo ugeuke. Mwaka 1991 FINA wakalegeza: unajigeuza kifudifudi kabla ya ukuta, unavuta mkono mara moja (au yote miwili kwa pamoja), unapinduka, unagusa kwa miguu. Ukiuacha ukuta uwe umesharudi chali. Sharti kubwa ni usisite. Ukishakuwa kifudifudi, hakuna kuteleza ukisubiri ukuta ukufikie.

Sasa hilo la kusita ndo penye utata, maana anayelipima ni mwamuzi kwa jicho lake, kasimama ukingoni.

Athens, 19 Agosti 2004, fainali ya mita 200 wanaume. Aaron Peirsol wa Marekani kamaliza kwa 1:54.95, kamwacha Markus Rogan wa Austria zaidi ya sekunde mbili. Mara ikatangazwa kaondolewa, eti kona yake ina kosa! Muda si mrefu akarudishiwa dhahabu. Sababu? Ripoti ya mwamuzi haikueleza kosa vya kutosha, na haikuandikwa kwa lugha ya kazi ya FINA. Yaani karatasi ndiyo iliyoanguka. Kona yenyewe wala haikuamuliwa. Austria na Uingereza wakakata rufaa, wakagonga mwamba.

Binafsi naona ilikuwa haki, huwezi kumnyang'anya mtu medali kwa karatasi nusu. (Ingawa siku chache kabla yeye mwenyewe alikuwa anamlalamikia Kitajima wa Japani kuhusu mateke ya chini ya maji. Haya bwana.) Ila Marekani wana viongozi wa kuifukuzia ripoti ile usiku uleule. Sisi Paris 2024 tulipeleka waogeleaji wawili tu. Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua hili, hongo pale Ugogo ilikuwa ya kujadiliana, na asiye na msemaji mzuri alikaa kambini siku nyingi.

Na kuna hili la ukuta. Fuata njia ya misafara toka hapa Tabora mpaka Ujiji, utakuta vijana wanakata maji ya Tanganyika kama samaki. Lakini ziwa halina ukuta. Halina pia zile bendera zinazoning'inizwa mita 5 kabla ya ukuta, ambazo mwenye mazoezi akiziona anahesabu mikono yake, anajua ageuke lini. Asiyezizoea atageuka mapema, atateleza, ataondolewa. Sheria ni moja kwa wote, kosa lina wenyewe.

Wengi hawajui kwamba kugusa kwa mkono ukiwa chali bado ni halali. Unapoteza muda, lakini hakuna wa kukuambia umesita. Mimi ningekuwa kocha wa mtoto aliyejifunzia ziwani, mashindano yake ya kwanza ningemwambia aguse kwa mkono. Nyie mngemwambiaje?